Sauti ya Wiki Mbili

Makongeni, Thika
Jumapili, 2 Machi 2025

Okello ndugu yangu,

Salamu nyingi. U mzima? Mama hajambo? Na mama watoto? Hapa kwangu mke wangu Nzilani na msichana wetu Nzisa ni wazima kabisa, mgonjwa wa nyumba ni mimi. Najua umeona jina langu ukashtuka. Miaka tisa si mchezo. Namba nimepewa na Mwas wa studio, usimgombeze.

Sitazunguka. Hii sauti yangu iliyokwaruza mwaka mzima, watu wakisema ni pombe, kumbe ni saratani ya koo. Tarehe ishirini na tano mwezi huu napasuliwa Nairobi. Daktari ameniambia wazi kwamba wataondoa kisanduku chote cha sauti. Nitapumua kwa tundu la shingoni, na kuongea basi.

Nzisa ana miaka mitano na hajawahi kunisikia nikiimba. Alizaliwa bendi yetu ya Kona Kali ikiwa imekufa zamani, na mimi ni MC wa kusukuma harusi za watu. Nataka kumwachia wimbo mmoja tu, wenye jina lake, kabla ya tarehe hiyo. Maneno ninayo. Sina wa kuitikia. Nimejaribu peke yangu bafuni na, ngai, ni aibu tupu. Wewe ndiye unajua mahali ninapokata pumzi.

Njoo, tafadhali.

Ndugu yako,
Muthoka


Mwihoko
Jumatano, 5 Machi 2025

Muthoka,

Salamu nimezipata. Sisi tu wazima, duka la hardware linatupa ugali. Pole sana kwa ugonjwa. Meseji yako nimeisoma mara tatu nikiwa kaunta, mpaka nikampa mteja misumari badala ya skrubu.

Lakini nami sitazunguka. Uliulizwa kwenye redio, nchi nzima ikisikiliza, Okello ni nani katika Kona Kali. Ukacheka. Ukasema, "Huyo ni wa kuitikia tu. Hata ukimtoa, wimbo unaenda." Mama yangu alikuwa amewaita majirani waje kusikiliza. Alizima redio akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mimi nilikupigia jioni hiyo uniambie ulikuwa mzaha. Ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Ya tatu ukazima simu kabisa. Ndiyo maana nilitoka kwenye bendi, kama ulikuwa hujui.

Sasa wa kuitikia anatafutwa. Nipe siku nifikirie.

Okello


Makongeni
Ijumaa, 7 Machi 2025

Okello ndugu yangu,

Habari ya tangu juzi? Mama anaendeleaje na yale magoti?

Nilisema hivyo, na nikisema nilijua ni uongo. Unakumbuka siku zile. Nikiingia supermarket hapa Thika watu wanaacha matoroli waje tupige picha, na hakuna aliyeuliza yule mwingine yuko wapi. Nikaanza kuamini kwamba hakuna mwingine. Umaarufu ulinifanya mjinga, na ule ujinga nikaupenda, huo ndio ukweli. Ulipoondoka nilifanya shoo kumi na moja peke yangu. Ya kumi na mbili hawakuniita.

Simu zako niliogopa kushika. Ungeongea pole pole vile unavyoongea, nami ningelia. Nisamehe. Mwambie na mama anisamehe.

Mwas ametupatia studio yake ya Ruiru bure, Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi.

Ndugu yako,
Muthoka


Mwihoko
Jumapili, 9 Machi 2025

Muthoka ndugu yangu,

Hujambo? Koo linasemaje leo? Nzilani na mtoto wako salama?

Nimemsomea mama meseji yako. Akasema, "Mtoto wa watu akiomba msamaha anapewa. Lakini mwambie ana kichwa kigumu." Hayo ni maneno yake, mimi nimeyabeba tu.

Nitakuja. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Muziki niliupenda tulipokuwa Gatongora, nyuma ya posho mili, ikibidi tuimbe juu ya kelele za mashine ya kusaga unga ndipo tusikiane. Yaliyokuja baada ya hapo, magari na mahojiano, nilikuwa nayafuata tu kwa sababu wewe ulikuwa unayafuata. Ile siku ya redio niliumia kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu mwingine ningecheka.

Nitakupigia wiki hii unifundishe maneno.

Ndugu yako,
Okello


Makongeni
Ijumaa, 14 Machi 2025

Okello ndugu yangu,

Uko salama? Watoto hawajambo?

Umenipigia leo mchana nikakata. Ukapiga tena nikakata tena. Usinielewe vibaya, haki ya Mungu. Tangu Jumatatu siongei na mtu yeyote. Daktari alisema sauti iliyobaki ni kidogo sana, nikiitumia ovyo inaweza kuisha kabla ya tarehe. Basi nimefunga mdomo, yote naiwekea Jumamosi ya studio. Nyumbani naongea kwa mikono.

Nzisa anadhani ni mchezo. Jana alileta kitabu chake cha wanyama, akapanda kwenye magoti yangu, akataka niseme "simba". Nikakataa kwa kichwa. Akanibana mashavu ili mdomo ufunguke. Nikakataa. Atasikia wimbo.

Maneno nitakuandikia kesho. Wewe niandikie, usipige.

Ndugu yako,
Muthoka


Ruiru
Jumamosi, 22 Machi 2025

Okello,

Natumai hakuna aliyeugua kwako.

Saa hii ni kumi na moja jioni na nipo kwa Mwas tangu saa nne. Maneno nilikutumia, sikuona jibu. Mwas amekupigia, hushiki.

Nimejaribu peke yangu. Mara ya kwanza nilifika mahali pako nikasimama kukungoja, mazoea tu, na wimbo ukapita. Mara ya pili sauti ilipasuka katikati ya ubeti wa kwanza. Haijarudi. Nimemwomba Mwas afute zote mbili, mtoto asije akazisikia.

Kama hasira haijaisha, sikulaumu. Jumanne naingia.

Muthoka


Mwihoko
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Muthoka ndugu yangu,

Nakuuliza hali na naogopa jibu. Uko hai, hilo nimeambiwa. Mengine sijui.

Ulipokata simu mara mbili siku ile, nilirudi miaka tisa nyuma pale pale kaunta. Nikasema, huyu ni Muthoka yule yule, anaita mtu halafu anamkatia. Nikaifungia namba yako, meseji zisinifikie. Mwas alipopiga Jumamosi hiyo niliiona simu ikilia, nikageuza uso wake chini nikaendelea kumpimia mteja waya wa ua.

Jana Mwas alikuja kununua bawaba. Akaniuliza nilikuwa na roho gani. Ndipo akanieleza kwa nini ulikuwa huongei. Nikafungua simu, nikazikuta meseji zako kwenye zile zilizozuiwa, zote tatu, maneno ya wimbo yakiwemo. Nilizisoma nikiwa nimekalia mifuko ya simiti, mbele ya wateja, na nililia, wala sijali walioniona.

Nimekukosea. Sina cha kujitetea. Jumamosi ijayo nakuja Thika. Ule wimbo nimeshaushika. Ukikubali, nitamwimbia Nzisa mimi, wewe ukiwa hapo.

Ndugu yako, kama bado unaniita hivyo,
Okello


Makongeni
Jumatano, 23 Aprili 2025

Okello ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mama nimwambie nini, mwambie kichwa bado ni kigumu, koo ndilo limekwisha. Kidonda kimefunga. Nakula uji na viazi vya kupondwa. Nakuita ndugu, na sina hasira na wewe hata kidogo.

Hasira niliyonayo ni yangu. Nilikuwa na wiki mbili za sauti, Okello. Mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwepo, na mtoto alikuwa kwenye magoti yangu kila jioni akiiomba. Nikamnyima nikiiwekea maikrofoni. Hata kwa mwanangu nilitaka kwanza niwe staa. Neno "simba" lingenipunguzia nini?

Wiki iliyopita Nzilani alimwekea "Ningoje Kalimoni", ule wimbo wetu wa zamani, kwenye simu, akamwambia baba yuko humo ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka urudiwe. Nikamuuliza kwa mikono, baba ni yupi? Nilingoja aseme yule wa mbele, yule aliyejulikana na nchi nzima. Akasema, "Huyu anapiga kelele. Wewe ni huyu mpole wa nyuma."

Ni wewe, ndugu yangu. Nzilani alitaka kumsahihisha nikamshika mkono. Nikakubali kwa kichwa. Ungemwona alivyofurahi. Tangu siku hiyo anautaka wimbo kila jioni, anaubana sikioni, na wewe ukiingia ananitazama anacheka.

Kwa hiyo Jumamosi usije. Nakuomba kwa moyo wote. Ukisema tu "hodi" mlangoni kwangu, ataijua sauti. Ngoja akue kidogo. Sisi tuendelee kuandikiana.

Ndugu yako,
Muthoka