Kalamu na Karamu

Iringa, Alhamisi, Novemba 1956

Mvua za kwanza zimeanza, na suruali yangu bado ina tope la barabara ya Mbeya. Nimechoka, lakini zaidi ya uchovu nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Mimi ni msimamizi wa shule za wilaya hii. Kabla ya hapo nilifundisha miaka kumi na minne, na kila mtoto aliyepita mikononi mwangu alinisikia nikisema: mwenye kosa akiri. Jana ilikuwa zamu yangu.

Siku ya mtihani wa darasa la nne, mwalimu wa shule moja ya mlimani, kule Kilolo, alikuwa kitandani kwa homa. Kwa hiyo imla niliisoma mimi. Sentensi ya tano ilisema: Mwalimu alifurahia karamu nzuri. Watoto wote kumi na mmoja waliandika kalamu.

Wote. Hata Yustina, binti ambaye katika daftari lake mwalimu huwa hapati pa kutia wino mwekundu.

Basi jana kule Mbeya, kwenye kamati ya kuchagua watoto wa kuingia darasa la tano, karani alisimama akasema kosa moja kwa watoto wote ni ushahidi kwamba wameibiana. Karani huyu ni mtu wa pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alitaka shule nzima ifutiwe mtihani na mwalimu wao aachishwe kazi. Mwenyekiti, Mzungu wa ofisi ya elimu, alikuwa ameshafungua wino ili atie sahihi.

Mimi nilijua kosa ni la nani. Mimi ni Mhehe, na lugha ya mama yangu haina hiyo "r". Nikikazana naipata, lakini siku ile nilikuwa nimepanda mlima kwa miguu, hata pumzi nilikuwa naitafuta.

Naona aibu kuandika kwamba nilinyamaza kwanza. Niliifikiria nyumba ya kazi tunayokaa, nikalifikiria na jina langu. Kisha nikamwona Yustina akirudi kwao akiitwa mwizi, na baba yake akisema shule basi.

Nikasimama.

Niliwaambia wajumbe kwamba watoto hawakuibiana, kosa ni la ulimi wangu. Karani akacheka. Nikaomba kila mjumbe achukue karatasi, nikawasomea sentensi yangu mwenyewe, kwa ulimi wangu wa kila siku: Mjomba aliuliza habari za mahari. Walipogeuza karatasi, wote walikuwa wameandika mahali. Karani naye.

"Basi na nyinyi mmeibiana," nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Lakini mwenyekiti hakupenda. Amenipa mpaka Jumatatu: ama nitie sahihi karatasi ya wizi, ama niandike kwa mkono wangu kwamba msimamizi alikosea kusoma imla, ndipo watoto warudie mtihani. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba msimamizi wa namna hiyo asitegemee kubaki kazini.

Leo nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Sasa Baba Neema, wakikufukuza tutakula kalamu?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Naye akacheka, kisha akaacha maharage.

"We andika tu. Watoto wa watu wasiitwe wezi kwa ajili yetu."

Nimeandika. Nimekiri kwamba watoto waliandika walichosikia, na kwamba waliyemsikia ni mimi. Nimeomba imla ya pili isomwe na mtu mwingine, hata karani mwenyewe akitaka kupanda mlima. Kuhusu ulimi wangu sikuomba radhi. Mkataa kwao mtumwa, na mimi utumwa huo siutaki hata kwa mshahara.

Kesho asubuhi naipeleka barua posta mwenyewe.

Naogopa, sitajidanganya. Kazi hii naipenda, na milima yake, na watoto wanaosimama wima nikiingia darasani. Lakini nikitia sahihi ile karatasi nyingine, nitaingia darasa gani tena na kusema mwenye kosa akiri?

Liwalo na liwe. Wakiniondoa, walimu wa wilaya hii hawataniacha niondoke hivi hivi. Watachinja, tutakula, tutashiba. Na nitakaposimama kuwashukuru, nitawaambia imekuwa kalamu nzuri.