Bi Piroska Amelifua Gombo la Babu

Gitta, uko? Siamini. Siamini kabisa.

Lile gombo la Torati la sinagogi la babu, mama yake Bi Piroska, jirani yake, alilificha darini siku babu alipopandishwa treni ya kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wanazi hawakuliona. Panya hawakuligusa.

Jana Bi Piroska kalifua.

KALIFUA, Gitta! Kwa sabuni! Ati, "Niliona aibu kukukabidhi na vumbi lote lile, mwanangu."

Herufi moja tu ikifutika, haliruhusiwi kusomwa tena sinagogini. Hapa zimefutika zote. Ngozi tupu!

Akaniuliza, "Limetakata, eh?" Bibi wa miaka tisini, macho yanamng'aa. Ningesema nini?

Nikasema, "Limetakata, mama."

Kesho tunalizika makaburini, kama mtu, ndiyo desturi yetu gombo likiharibika. Njoo. Babu mwenyewe hakupata hata kaburi.