Neno Moja Ukumbini

Voi, Jumapili jioni, Julai 1986.

Vumbi tangu asubuhi, na milima ya kwetu haikuonekana. Afadhali. Miaka ishirini na miwili sijapanda kijijini kwetu, Werugha, na siku ambazo milima iko wazi mimi hukaa nimeipa mgongo.

Jana mchana niliwadanganya watu waliojaa ukumbi. Kwa neno moja tu.

Athmani, mwenye ukumbi wa video, amepata kanda ya sinema ya Korea, ya polisi na mauaji. Maneno ya Kiingereza hupita upesi chini ya picha, na wateja wake wengi hawawezi kuyafuata. Akaniomba nisimame kando ya televisheni niwasomee kwa Kiswahili. Nilikubali kwa majivuno kidogo. Mimi ni karani mstaafu, na ni muda tangu mtu ahitaji Kiingereza changu.

Mshukiwa ni msukuma mkokoteni. Mwenye nyumba wake ameuawa. Polisi wanampiga, wanamnyima usingizi, halafu mpelelezi anaweka karatasi mezani. Yule mtu anasema, "Sikumuua. Nilimkuta amelala sakafuni." Mpelelezi anaitikia kwa kichwa, anaandika mengine, anamshika mkono na kumbandikisha kidole gumba.

Nikaacha kusoma, nikakitazama kile kidole.

"Mzee Mwadime, anasema nini huyo?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Ama Kizungu kimekuishia?" Wakacheka.

"Amekiri," nikasema.

Basi aliponyongwa mwishoni, walipiga makofi.

Leo baada ya ibada gumzo lilikuwa hilo tu. Wazee wa kanisa wanataka sinema ipigwe marufuku kwa sababu ya damu na mwanamke aliye nusu uchi. Vijana wanasema inafundisha haki, kwamba muuaji alipata chake. Wanabishana juu ya sinema ambayo hawajaiona.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mkalimani katika kituo kimoja cha polisi. Siku moja aliletwa mtu wa kijijini kwetu, asiyejua lugha nyingine ila Kidawida, lugha yetu ya Taita. Alisema alimkuta jirani yake shambani, amekwisha kufa. Nikatafsiri hivyo hivyo. Inspekta akaandika kwamba ameua, akaniamuru nimsomee. Niliogopa kufukuzwa. Nikamsomea yule mtu maneno yake mwenyewe, si yaliyoandikwa.

Akasikia ni sawa. Akaweka kidole bila wasiwasi wowote, nami nikatia sahihi chini yake.

Baada ya kunyongwa kwake, mamake alinijia na kabichi mbili na chupa ya maziwa. "Asante, mwanangu," akasema. "Wewe angalau ulimsemea."

Nilivipokea. Mwezi ule ule nikahama.

Jumanne kamati ya kanisa inakutana kuhusu sinema. Wameniita kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeielewa. Nikisema ifungiwe, itafungiwa, na hakuna atakayejua kamwe alichosema yule Mkorea. Ni sahihi moja tu, na mkono wangu unaijua kazi hiyo.

Nimekaa na kalamu tangu saa kumi. Nimeandika maneno ya watu wawili kwenye karatasi, kama walivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Jumanne nitasimama niyasome. Kamati itakuwa tayari kusikia habari za Korea.

Nitaanza na za Werugha.