Gari la Kwenda Kalemela

Ngulyati, 3 Juni 2024

Luhaga mume wangu,

Mwangaluka. Umeamkaje huko Arusha kwenye baridi? Mke mwenzangu Joyness hajambo? Watoto wanakula? Sisi tupo. Goti linanisumbua usiku, asubuhi linanyamaza. Pamba tumechuma, imejaa ndani mpaka kuku hawana pa kulala.

Anayeandika ni jirani yangu Scola. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha anaipiga picha barua na kukutumia. Nimemkataza kunirekebisha. Kupiga simu sitaki. Ukipokea unasema, "Bibi, nipo kwenye kikao," inakatika nami bado nina maneno mdomoni.

Neno ni hili. Dada yangu Nyanjige anaumwa huko Kalemela alikoolewa. Miguu imevimba, ugali anausukuma pembeni. Amewatuma wauza samaki waniambie anataka kuniona, na anataka matobolwa, viazi vya shamba letu vilivyochemshwa vikaanikwa. Huko ziwani wanampa samaki tu, amechoka. Matobolwa ninayo gunia zima.

Ningepanda basi nikafika. Lakini ni wewe uliyesimama kwenye harusi ya ndugu yako Januarius ukasema bibi yako hapandi basi tena maadamu una gari. Nami nikatangaza Ngulyati nzima. Sasa njoo unipeleke.

Bibi yako, mke wako mkubwa


Arusha, 20 Juni 2024

Shikamoo bibi yangu mpenzi,

Natumaini goti limepoa. Sisi wazima, watoto wanakusalimu.

Bibi, tulitoka kuja kukuchukua kama nilivyoahidi harusini. Mto wa Mbu watoto walitaka zile ndizi nyekundu, tukasimama. Tulipofika juu ya Ngorongoro, Joyness akasema haiwezekani tupite bila kupiga picha kreta. Kulikuwa na ukungu. Tukasubiri uondoke, haukuondoka. Muda wa kuvuka hifadhi ukatupita, tukarudi kulala Karatu. Ruhusa yangu kazini ilikuwa fupi, ikabidi nigeuze.

Septemba watoto wakifunga shule tunakuja bila kukosa. Tafadhali usipande basi. Watu watanionaje?

Mjukuu wako, Luhaga


Ngulyati, 1 Julai 2024

Luhaga,

Salamu zimefika. Hatujambo, nimekwisha kukusalimu.

Ukungu? Umetoka Arusha na mke na watoto kwenda kutazama ukungu? Ungeniambia ningekuchemshia maji hapa, mkakaa wote mkatazama mvuke.

Kisimani sipiti tena. "Bibi, gari bado?" Yule jirani Sayi ameniuliza kama gari lako linakokotwa na punda. Nimemjibu punda angekuwa ameshafika.

Ila hilo si kitu. Wauza samaki wamekuja tena. Nyanjige anauliza mimi na yeye tuligombana lini, maana yeye hakumbuki. Unasikia? Mgonjwa analala anatafuta kosa lake! Mimi na Nyanjige tulilala ngozi moja ya ng'ombe mpaka siku anaolewa.

Nasubiri Septemba kwa ajili ya maneno yako, si kwa akili yangu.

Bibi yako


Arusha, 16 Septemba 2024

Shikamoo bibi,

Habari za hapo? Sisi tumerudi salama, na safari hii nina habari njema.

Tulivuka Serengeti yote. Tulilala humo, maana watoto walikuwa hawajaona chui. Chui hatukumwona, lakini simba tuliwaona wamelala barabarani kabisa. Tukatokea Lamadi, na kwa kuwa Kalemela ilikuwa karibu, nikaona tuanzie kwa bibi Nyanjige. Ungemwona! Aliposikia gari alitoka kwa kujikongoja, akafungua milango yote, mpaka buti, anakutafuta wewe. Tulicheka sana. Nikampa soda na biskuti, nikamwambia unakuja.

Baadaye watoto wakaomba kuona viboko ziwani, jua likazama. Usiku bosi akapiga simu, Jumatatu lazima niwe kazini. Asubuhi tukageuza. Lakini nimekutumia picha yake kwa simu ya Scola, imetoka vizuri, hata meno yanaonekana. Kwa hiyo angalau mmeonana. Desemba tutakuja kwako kwa nafasi.

Mjukuu wako, Luhaga


Ngulyati, 19 Septemba 2024

Luhaga,

Sikusalimu. Scola anasema barua haianzi hivyo. Hii inaanza hivyo.

Kutoka Kalemela mpaka hapa mlangoni kwangu, maharage ya jikoni hayajaiva umeshafika. Umefika pale, ukageuza! Kwa ajili ya viboko!

Scola amenionyesha picha. Nimeitazama. Picha hainisalimii. Nikiiuliza miguu imefikia wapi, hainijibu. Unasema tumeonana? Wewe ukiwa na njaa Joyness akupe picha ya ugali.

Na mlicheka. Mtu hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono, lakini kafungua mlango, kafungua mwingine, kainama mpaka kwenye buti, mimi simo. Nyinyi mkacheka, mkampa soda. Ulimwambia nakuja lini? Hukumwambia. Tangu siku hiyo, wauza samaki wanasema, kahamishia kiti chake njiani. Jua linampiga, wakimrudisha ndani analia.

Nakupenda wewe kuliko macho yangu, ndiyo maana nimekaa kama mzigo nikingoja mwenye mzigo. Imetosha. Usinijibu.

Bibi


Ngulyati, 28 Septemba 2024

Shikamoo bibi,

Namtumia hii Eufrasia, mkwe wa bibi Nyanjige, akusomee. Nimeomba ruhusa kwa lazima, tumekuja mbio, hatukusimama hata kumtazama twiga. Tumekuta kufuli. Scola ametupa ufunguo, kasema uliondoka juzi na basi la alfajiri na gunia kichwani. Sayi alipotuona akapiga vigelegele, "Punda kafika!"

Bibi, nimekosa. Joyness amelia. Kesho asubuhi nakuja na gari kukuchukua, na kama bibi Nyanjige anaweza kukaa kitini tutampeleka hospitali Bariadi.

Mjukuu wako, Luhaga


Kalemela, 28 Septemba 2024, jioni

Luhaga mume wangu,

Mwadila. Mmefika salama? Watoto wamekula? Kuna maziwa kwenye kibuyu nyuma ya mlango, na karanga. Mke mwenzangu asilie, amekaribishwa, ila mwambie kuku mwekundu asimchinje, anaatamia.

Anayeandika ni Eufrasia. Naye nimemkataza kunirekebisha.

Basi lilinitapisha, nikajipangusa. Nimeona milima ya mawe, nimeona lori la pamba limepinduka na watu wanaokota, nimeona tembo kwa mbali, wanaharibu shamba la mtu. Wala sikumwambia dereva asimame.

Nilimkuta kitini njiani. Alinishika pua, akanishika masikio kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akasema, "Milembe, umekonda." Nimemloweshea matobolwa kwenye maziwa, ameyala. Ugali bado anausukuma.

Hospitali wameshampeleka, mara nyingi, nyie mkiwa kwenye ukungu wenu. Nisikudanganye. Nimeuguza baba yako, nimeuguza babu yako, namjua mtu anayerudi na mtu anayeaga. Dada yangu anaaga. Lakini analala sasa. Eufrasia anasema tangu niingie ndiyo anaanza kulala, na mkono wangu ameukamata, hata hapa nasema barua nimekaa upande.

Luhaga, kesho usije. Najua umejitahidi, na nitakukumbatia siku yake. Kamueni ng'ombe, waacheni watoto wapande kichuguu alichokuwa anapanda baba yako. Utakuja nikikuita, na nikikuita usisimame popote.

Amezinduka sasa hivi, ameniuliza gari la mjukuu linakuja lini kunichukua. Nimemwambia limeharibika.

Kwa hiyo limeharibika. Umenisikia?

Bibi yako