Kumi na Nne Yangu, Kumi na Tatu Yako

Kipungani, Lamu
12 Januari 2025

Mpendwa ndugu yangu Nabhan,

Assalaam alaykum. U hali gani wewe, mkeo Asmaa na mwanetu Rayyan? Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila uzima wangu mimi umeingia kasoro. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunicheka kisha ukakata. Karatasi haikatiki. Nimempa Bi Umi, anayesafiri kuja huko Maskati, akufikishie mkononi.

Ule mkeka wa arusi wa watu wa Mkomani umerudishwa. Miaka thelathini na mmoja nasuka, nyumba hii nimeijenga kwa ukindu bila mkono wa mume wala ndugu, na kabla ya huu mkeka wangu haujapata kurudi. Nilishona kili kumi na nane, ile mikanda ya ukindu uliosukwa, hesabu kamili, lakini upande wa kulia kili mbili nyekundu nimezipanga pamoja kama mtoto anayejifunza. Mahfudha aliukunjua, akanitazama. "Mama, hapa hukuona?" Nikasingizia taa. "Taa gani, nawe ulishona adhuhuri? Na ule mlango unaougonga kwa bega kila siku, nao ni taa?" Ulimi kaurithi kwangu.

Nilichelewa kwenda hospitali kwa sababu yako. Naandika nina hasira, usinikatize. Miaka mitatu mfululizo nimepimwa presha ya macho, kambi ya madaktari ikija Mokowe: kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne. Mwisho wa kawaida, walisema, ni ishirini na moja. Nawe ukanitumia sauti: "Dada, hiyo ni presha ya mwari! Mimi yangu kumi na tatu, nimekushinda!" Nikacheka. Sote wawili tukalalia tarakimu.

Daktari aliyeniona mwezi uliopita hakutosheka na tarakimu. Alinitia dawa ya kupanua mboni, akamulika nyuma ya jicho, akaniambia mshipa wa kuonea umelika. Glakoma. Nikamfungulia daftari langu: "Daktari, mimi si mjinga wa hesabu. Kumi na nne i chini ya ishirini na moja." Akasema, "Bi Mardhiya, umehesabu upande mmoja."

Akanichorea. Nyuma ya jicho pana kitu kama kifumbu cha kuchujia tui, na nyuzi za mshipa hupita katika matundu yake kwenda ubongoni. Maji ya jicho hukisukuma kwa mbele. Maji yanayouzunguka ubongo hukisukuma kwa nyuma. Nguvu zikikaribiana, kifumbu hutulia. Ya nyuma yakiwa dhaifu, kifumbu hubonyea na nyuzi husagika, hata kama ya mbele hayajazidi. Akanipa mfano: kumi na nne ya mbele toa kumi na moja ya nyuma, tatu. Kumi na nne toa saba, saba. Jicho lile lile, mzigo zaidi ya mara mbili! Na mimi, mtu wa mizani tangu ujana, nilikuwa nasoma kitanga kimoja.

Hakunidanganya. Alisema wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, wala hana hakika kwamba langu ndilo hilo. Maji ya ubongo hupimwa kwa sindano ya mgongoni, na hawamchomi mtu kwa ajili hiyo tu. Anachoweza yeye ni kushusha upande wa mbele. Basi kila jioni natia dawa, tone moja kila jicho. Kilichopotea hakirudi. Nalinda kilichobaki.

Kisha akauliza kwetu nani amepofuka. Nikamtaja mama. Nilimkumbuka akipapasa kikombe kilicho ubavuni pake, nasi tukisema ni uzee, naye ana miaka hamsini na miwili. Daktari akauliza, "Una ndugu?"

Nikakumbuka simu zako, Nabhan. Mwezi wa Mei ulinipigia ukicheka kwamba umelikwaruza lori la maji kwenye geti la kazini, upande wa kulia. Oktoba tena, upande ule ule. Ukasema mageti ya Maskati ni membamba. Ndugu yangu, geti hilo umelipita miaka sita. Halikusinyaa.

Usiniletee kumi na tatu yako. Nataka umulikwe nyuma ya jicho, upimwe waona kando kiasi gani. Mpaka siku hiyo, funguo za lori mrudishie mwenyewe. Utasema kazi itapotea. Mimi kazi nimeianza upya mara tatu. Jicho sijaona aliyelianza upya.

Mahfudha anakuamkia. Nibusie Rayyan. Mola akuhifadhi wewe na njia unazopita.

Nakala ya barua hii nimemwandikia Asmaa, neno kwa neno, kwa hiyo ukiificha yako, yeye anayo. Lori la huko usukani u kushoto, na mwanawe Rayyan, kila Ijumaa unapompakia, hukaa kiti cha kulia.

Akupendaye na kukukasirikia,
dada yako,
Mardhiya