Sindano, Hapana Baffles

Siku ya kwanza, 4/5/2026

Yannick, mutoto wangu wa kwanza, ameniletea baffles mbili, spika kubwa kama makabati! Eti ni ya siku ya Posho, tarehe 9, wakati tutatosha kilio, tumalize matanga ya baba yake. Mwaka muzima hatukufungulia muziki mu hii nyumba, ata redio. Posho, sauti ya kwanza itakuwa ya bwana yangu, muzee Kangwa mwenyewe, mu ile disque, santuri kwenye aliimba na kwaya ya bantu wa reli. Iko moja tu. Benzake bote bamekufa, ingine haiko. Na mutoto ananiletea makabati! Nilimuambia: tourne-disque, mashine ya santuri ya baba yako, inaumwa kichwa, weye unaivalisha viatu mupya. Alinuna. Anune.

Siku ya pili, 5/5

Nimeita Jeannot, fundi wa redio wa hapa Kasungami. Anafungua kifuniko, anasema tuweke disque, asikie kwenye inauma. Asikie nini? Nilimuuliza kama kwao banapiga muziki mu kilio. Tumia macho! Akacheka, ule mupumbavu: "Mama, bantu bote banafungua kinywa ku docteur. Weye unafunga, halafu unaomba dawa!"

Lakini macho iko nayo. Alitosha loupe, kale kakioo ka kukuza, akaangalia sindano: imelika upande moja. Ikipita juu ya disque itaikwangua, na sauti ikitoka pale hairudie tena. Mukaba ya mupira yenye kuzungusha disque nayo imelegea, muzee ataimba kama mulevi. Na baffles? Anasema zitapiga tu ubaya wa sindano kwa nguvu zaidi. Nikaita Yannick. Nikamuambia Jeannot aseme tena.

Siku ya tatu, 6/5

Yannick hasikie. Anasema baffles njo heshima, bantu ya Sakania, bandugu ya baba, bakija bataona nini? Sindano haionekane. Nikamuuliza: baba yako ulikuwa unamuangalia ao unamusikia? Zirudie ku magasin kwenye ulizinunua! Tunanunua sindano na mukaba. Basi. Dorcelle, binti yake, naye: "Kambo, ile wimbo tuitie mu telefone tu." Nilimutuma akachote maji.

Siku ya tano, 8/5

Hasira!

Nilienda ku soko kutafuta unga ya kesho. Kurudia, kufika ku mulango — sauti. Muzee! Wazi, neno kwa neno, ata kale kakikohozi kake mbele ya mustari wa pili. Yannick na Jeannot banajaribu sindano mupya. Kilio haijatoka! Nilipashwa kuingia na makelele. Sikuingia. Nilisimama na kikapo ku kichwa mpaka wimbo ikaisha.

Njo nikaingia. Nilibatukana bote mbili. Jeannot anaangalia chini, anasema sindano mupya inaomba kupimwa uzito juu ya disque yenyewe, bila vile ingekwaruza disque kesho mbele ya bantu. Yannick anasema: "Mama, ningekuacha upate haya?" Anijibu mimi! Na Mama Chileshe, dada ya muzee, iko mu njia toka Sakania. Ile mwanamuke, mbele ya kukaa chini ataniuliza: nyumba ilinyamaza mwaka muzima? Mimi sijui kudanganya.

Jeannot ananyoosha mukono atoshe disque. Anasema bado upande wa pili, haijajaribiwa, lakini tuache.

Nilimuambia Jeannot ageuze disque, na Yannick afunge madirisha. Anafunga.