Ramani ya Wanyama Niliyoichora Mimi

Muhima, Kigali
Aprili 1991

Dada yangu Mwajuma,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza. Mgongo wako je, umepata nafuu? Na mama, bado anagombana na daktari juu ya chumvi? Barua zako zote tatu zilinifikia. Katika ile ya mwisho uliuliza kama nimekufa au nimeoa. Si hili wala si lile. Sikuwa na habari ya kukuandikia isiyokuwa na aibu ndani yake, basi nikanyamaza. Leo dereva wa lori la saruji anayepitia mpakani Rusumo amekubali kunichukulia barua, nami nimeona nikueleze yote.

Kazi yangu hapa gereji unaijua. Tajiri hukodisha magari kwa Wazungu wanaopenda kujiendesha wenyewe kwenda mbuga ya Akagera. Zamani wengi walikuwa wakirudi wamenuna, wamezunguka kutwa nzima na kuona vumbi tu. Mimi nimeendesha kule miaka sita, kwa hiyo nikawachorea ramani. Ziwani, pale ukingo unaposhuka taratibu, ni viboko, ufike kabla jua halijachoma. Kwenye mafunjo kuna nzohe, wale swala wa majini, lakini ukae kimya hasa. Ukiona yangeyange wanaruka juu ya majani marefu, chini yao kuna nyati, usishuke garini. Nyanda za kaskazini ndiko kwa nyamera, wale wanaosimama juu ya vichuguu. Ukiwaona wote wametazama upande mmoja, nawe tazama huko huko, simba yupo. Zima injini, subiri. Niliweka herufi, misalaba na saa za kufika. Wageni waliipenda. Straton, karani wetu, aliiweka kwenye droo yake na kuwapa nakala.

Straton niliwahi kukutajia. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu sijui hata salamu ya Kinyarwanda, nikalala kwake Kimisagara miezi miwili, mkewe Beata akinipikia.

Mwezi wa kumi mwaka jana waasi wakavuka mpaka, vita vikaanza huko huko kaskazini mashariki, jirani na mbuga. Wateja wakatoweka. Mjini watu wakaanza kukamatwa. Asubuhi moja askari wanne waliingia gereji kupekua, wakafungua droo.

"Hii iko nini?" mkubwa wao akauliza. "Nani amechora?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, spana mkononi. Straton hakunitazama. Alisema, "Ni ya wateja, afande. Iko ya wanyama."

"Wanyama wanapewa saa?"

Wakamdai kitambulisho. Kabila lililoandikwa mle, lile la waasi, lilitosha siku zile. Wakampakia garini. Dada, ningesema neno moja tu: yangu. Mimi ni mgeni, nina pasipoti, pengine wangenifukuza nchini tu. Nilitazama sakafu yenye mafuta mpaka gari lao lilipoondoka, nikajiambia jioni watamwachia.

Hawakumwachia. Kila asubuhi Beata alipita gereji akitoka kumpelekea chakula. "Shemeji, mumesikia kitu?" Nami nikimjibu, "Bado, shemeji." Siku ya tisa alikuja na kikapu kimejaa vilevile. Walikuwa wamekikataa, wala hawakumwambia kwa nini. Akakaa juu ya tairi, akatulia kama mtu aliyesahau anakokwenda. Siku hiyo ndipo nilipokwenda kwa wale askari.

Nilimkuta yule yule mkubwa. Nikamwambia, "Ramani niliichora mimi, afande."

Akaitoa, akaitandaza mezani. "Soma."

Nikamsomea alama moja moja. "Hapa viboko. Hapa nyati."

"Na huu musalaba?"

"Maji, afande. Hayakauki hata kiangazi."

"Gari inafika?"

"Inafika, ukipita nyuma ya kilima."

Nilijibu kila alichouliza, nikidhani najitetea na kumtetea Straton. Aliponiona nimemaliza, akaikunja karatasi. "Vizuri. Utaenda kutuonyesha."

"Na Straton?"

"Tutaona ukirudi."

Wakanichukua siku nne kule mbugani. Niliwaonyesha njia na maji. Siku ya pili chakula chao kikaisha, mmoja akaniuliza, "Muzee, nyama iko wapi?" Nikawapeleka nyanda za nyamera. Nikawaambia yale yale niliyokuwa nikiwaambia wageni: zimeni injini, subirini. Wakatii. Nyamera dume alikuwa juu ya kichuguu, akatutazama, wala hakukimbia. Alikuwa amezoea magari ya watu wanaotazama tu. Walipoanza kupiga, kundi lilisogea kidogo likasimama tena. Waliua kumi na mmoja, tukapakia watatu. Nilikula nami, ingawa hakuna aliyechinja.

Niliporudi, Straton hakutolewa. Nilikwenda kuuliza mara mbili, na mara ya pili nilipigwa kitako cha bunduki begani. Alitoka mwezi uliopita, pamoja na wengine wengi, bila kuambiwa sababu ya kuingia wala ya kutoka. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Ukarani hawezi tena.

Jumapili nilikwenda Kimisagara. Beata alikuwa jikoni, nikapata nafasi ya kumwambia mumewe.

"Straton, siku ile..."

"Nilikuona," akasema. "Ungesema, labda wangetuchukua wote wawili. Labda wangekuchukua wewe, mimi nikabaki. Nimefikiri sana kule ndani. Sijui."

"Nataka nimwambie Beata."

"Hapana. Yeye anajua ulikwenda kuniombea, basi. Anasema ni wewe umenitoa." Akashusha sauti. "Majirani wameacha kutusalimia, Yusufu. Umebaki wewe. Muache hivyo."

Beata akaleta chakula. Kuku. Alikuwa amepanda mpaka Biryogo kutafuta Mwislamu amchinje kuku huyo, ili nami niweze kula. Akaniwekea paja na firigisi, sehemu ya mwenye nyumba, huku Straton akihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto. "Kula, shemeji," akasema. "Bila wewe ningekuwa mujane."

Nikala, dada. Straton akanitazama mpaka nikamaliza.

Uliniomba nirudi nyumbani. Nguo zangu hazijazi hata mfuko mmoja, ningeweza kuondoka na dereva huyu huyu. Lakini Jumapili Beata atapika tena, na nisipotokea ataanza kujiuliza kwa nini.

Unisalimie mama, na umsomee ya mwanzo tu. Haya mengine ni yako. Msalimie shemeji, umwambie vipuri vya baiskeli yake huku havipatikani. Baba mdogo, fundi cherehani, mpe pole ya macho. Na mwanao aliyeanza shule, mwambie mjomba ameuona mwandiko wake pale chini ya barua yako, na ni mzuri.

Niombee, dada. Usiniombee salama tu.

Mdogo wako,
Yusufu